Timu ya Wanafunzi Iliyowaponyoka Mapadre

Siku klabu ya TP Mazembe inapokuwa na mechi nyumbani Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air hupungua watu. Vijana huvaa nyeusi na nyeupe, wakadandia teksi kwenda uwanjani Kamalondo, na ubishi huanza kabla gari halijajaa: nani alikuwa mkali zaidi, Trésor Mputu au Pierre Kalala? Anayemtetea Kalala huwa mzee, na mara nyingi hupigiwa kelele hadi akanyamaza, maana waliomwona kwa macho yao wamebaki wachache. Kuhusu Institut Saint-Boniface, hakuna anayebishana. Wengi hawaitaji kabisa, ingawa klabu wanayoifia ilianza kama timu ya wanafunzi wa shule hiyo.

Mwaka ulikuwa 1939, na Lubumbashi ilikuwa bado ikiitwa Élisabethville. Saint-Boniface ilikuwa mikononi mwa watawa Wabenediktini, shirika lililofika Katanga mwaka 1910 likiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu na mmoja wa wazungu wenye sauti kubwa katika jimbo lote. Si kila mwanafunzi alikuwa anaelekea kwenye upadre. Hao wengine walihitaji kitu cha kufanya nje ya darasa, ndipo mapadre wakawaundia timu ya mpira. Wakaiita Saint-Georges, kwa heshima ya Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti.

Tusiwafanye mapadre wale kuwa wapenzi wa soka tu. Katika mji wa migodi na reli, kijana Mwafrika anayejua kusoma na kuandika, mwenye jioni ndefu isiyo na kazi, alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Mpira ulimweka mahali anapoonekana. Una filimbi, una mstari wa chokaa, una padre pembeni anayejua nani amekuja na nani hakuja. Timu iliingizwa moja kwa moja kwenye ligi ya daraja la kwanza ya Waafrika, ikamaliza msimu wake wa mwanzo katika nafasi ya tatu. Kwa watoto wa shule dhidi ya watu wazima wenye mishahara, si haba.

Mwaka 1944 jina likawa Saint-Paul. Kisha wakaja wachezaji wasiokuwa wa shule, akaja pia mfadhili, kampuni ya matairi ya Kibelgiji iitwayo Englebert, na timu ikabeba jina la matairi. Kwa upande mwingine wa mji, mwaka uleule wa 1939, ilizaliwa Saint-Éloi, timu ya watu wa reli, ambayo leo ni Lupopo. Kwa hiyo pambano linalowagawa ndugu mezani hadi sasa lilianza kama ugomvi wa shule na karakana, kila upande ukiwa na mtakatifu wake.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, Wabenediktini walikuwa wameshaachia usukani. Miaka sita baadaye Englebert walizoa ubingwa wa taifa, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga katika msimu mmoja, wakajiongezea sifa ya Tout Puissant, Mwenyezi. Sijui kama kuna padre aliyebaki mjini wa kuwakumbusha kwamba sifa hiyo ina mwenyewe.

Ilibaki Afrika. Fainali ya Klabu Bingwa ya 1967 iliwakutanisha na Asante Kotoko wa Ghana: 1-1 kule Kumasi, 2-2 Kinshasa. Ikapangwa mechi ya tatu nchini Cameroon. Englebert walikwenda, Kotoko hawakutokea, na huko Ghana ilielezwa kwamba taarifa haikuwafikia kwa wakati. Kombe likaja Lubumbashi bila jasho la siku hiyo, na Waghana hawakulimeza. Mwaka 1968 Englebert walifuta maneno: waliichapa Étoile Filante ya Lomé 5-0, hata kipigo cha 4-1 kwenye marudiano hakikuwadhuru. Wakawa klabu ya kwanza kutetea taji hilo. Mwaka 1969 walifungwa na Ismaily ya Misri. Fainali ya 1970 ikawarudisha kwa Kotoko, na baada ya sare ya 1-1 Kumasi, Waghana walikuja kushinda 2-1 Kinshasa kwenyewe. Fainali nne mfululizo, makombe mawili, na deni limelipwa.

Kalala alikuwa kwenye kikosi hicho. Januari 1968, mjini Addis Ababa, bao lake pekee liliizamisha Ghana na kuipa Kongo Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Beki Bwanga Tshimen alitajwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973, wakati ambapo siasa ya Rais Mobutu ilikuwa imeshafuta majina ya kizungu na Englebert imeshakuwa Mazembe.

Kipa wao, Kazadi Mwamba, hakutendewa haki. Kwenye Kombe la Dunia la 1974 huko Ujerumani Magharibi, akiidakia timu ya taifa, alifungwa mawili tu na Scotland. Dhidi ya Yugoslavia, mabao yalipofika matatu, na nusu saa ya kwanza haijaisha, kocha Blagoje Vidinić alimtoa na kumwingiza Tubilandu Ndimbi. Mechi iliisha 9-0. Hesabu rahisi ni kwamba sita kati ya hayo si ya Kazadi, lakini picha ya siku ile imewagandia wote. Dhidi ya Brazil alirudi langoni, akafungwa matatu.

Baada ya kutwaa Kombe la Washindi la Afrika la 1980, Mazembe walisota muda mrefu. Mfanyabiashara Moïse Katumbi alishika uongozi mwaka 1997 na kumwaga fedha. Ubingwa wa Afrika ukarudi 2009, ukafuatiwa na wa 2010. Desemba hiyo, Abu Dhabi, waliitoa Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Kipa Robert Kidiaba alikaa chini, akanyoosha miguu, akarukaruka kwa makalio uwanjani mbele ya macho ya dunia. Inter Milan waliwafunga 3-0, lakini Kidiaba ndiye anayekumbukwa. Taji la 2015 lilikuja na mabao ya Mbwana Samatta, kijana wa Dar es Salaam aliyetoka Simba mwaka 2011, na ambaye mtaani Kamalondo hakuhitaji mkalimani.

Leo Mazembe wana chuo chao cha vijana, Académie Katumbi, ambako watoto huchaguliwa kwa mpira kwanza na kufundishwa masomo pia. Na Novemba 2024, huko Morocco, wasichana wa Mazembe waliifunga AS FAR 1-0 wakatwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika.