Kamera ya Madirisha Mawili

Yafaa kwanza, msomaji, ufanye jaribio dogo. Nyosha mkono mbele ya uso wako, simamisha kidole kimoja, ukitazame kwa jicho la kulia hali umefumba la kushoto. Kisha ubadilishe macho. Utaona kidole kinahama, ilhali mkono hukuutikisa. Ukikileta karibu na pua kitahama sana. Ukikipeleka mbali kitahama kidogo. Basi katika kuhama huko umo umbali wenyewe, na juu ya elimu hiyo mafundi wa Ujerumani, na baada yao wale wa Japani, walijenga kamera iliyo na madirisha mawili usoni.

Wajerumani walitangulia kwa Leica, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Wajapani walifuata: Canon ya kwanza ilitoka mwaka 1936, na Nikon ya kwanza mwaka 1948, nchi yao ikiwa bado imejaa magofu ya vita. Wengi walidhani ni kazi ya kuigiza tu. Lakini mwaka 1950, vita vya Korea vilipoanza, wapiga picha wa magazeti ya Marekani walizijaribu lenzi za Kijapani, wakaziona hazipungui chochote mbele ya zile za Ujerumani. Na tangu hapo dharau ikaisha.

Chukua mfano wa Yashica Electro 35, iliyotolewa mwaka 1966. Ni chombo kizito, kadiri ya robo tatu ya kilo, nacho hutumia filamu ya milimita 35. Ukichungulia nyuma utaona katikati ya kioo doa dogo la manjano, na ndani ya doa hilo kitu unachokitazama kina vivuli viwili: kimoja kimeingia kwa dirisha kubwa, cha pili kwa dirisha dogo, kikarudishwa na kioo. Zungusha pete ya lenzi, na kivuli kimoja kitasogea. Vikilaliana vikawa kimoja, umbali umepatikana, na picha haitakuwa na ukungu. Mwanga nao hupimwa na mashine. Mpiga picha huchagua ukubwa wa tundu la lenzi, na umeme wa betri huamua muda wa kuliacha wazi, kuanzia sehemu moja ya 500 ya sekunde hadi sekunde 30. Taa nyekundu ikiwaka, mwanga umezidi. Ya manjano ikiwaka, ni hafifu, basi tafuta mahali pa kuiegemeza kamera isitikisike. Ila chombo hiki kina upungufu mmoja wa kuchekesha: kwa kuwa jicho halipiti ndani ya lenzi, mtu aweza kupiga harusi nzima kifuniko kikiwa bado juu ya lenzi, asijue.

Sasa tuzichukue kamera za filamu tuvuke nazo hadi Lamu, ambako kazi yake ilikuwa ngumu kwa njia mbili. Ya kwanza ni jua. Nyumba za mawe zimesongamana, na vichochoro ni vyembamba na vyenye giza. Hatua chache mbele, ukuta uliopakwa chokaa unaumiza macho. Mashine ya kupima mwanga hudanganyika hapo. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, na uso wa mtu aliyesimama mbele ya ukuta hutoka mweusi usiotambulika. Sharti mpiga picha aijue kamera yake na ukuta wake pia.

Ugumu wa pili haukuwa wa mashine. Wako wanazuoni waliosema kwamba kufanya sura ya kiumbe ni haramu. Wengine wakajibu kwamba kamera haifanyi sura, bali hukamata kivuli kilichokwisha kuwapo, kama kioo kifanyavyo. Wakati huo huo hati za kusafiria zilidai picha, hata kwa anayekwenda Makka kuhiji. Tena wanawake wa mji walijisitiri kwa buibui, na picha ya mwanamke iliyopigwa ndani ya nyumba ilikuwa amana, si kitu cha kutundikwa dirishani mwa duka ili wapita njia waitazame.

Katika mji huo alifanya kazi Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Alijifundisha mwenyewe. Kwanza alizunguka na kamera yake akitafuta wateja, kisha katika miaka ya 1960 akafungua Bakor Studio. Sifa yake kubwa ilikuwa kuunganisha: alichukua sura kutoka picha moja akaitia katika nyingine, hata mteja akaonekana amechomoza katika ua, au amewekwa mahali ambapo hakupata kukanyaga. Tazama jinsi kazi mbili hizi zinavyopingana. Kamera ya Kijapani huunganisha vivuli viwili ili kupata kitu kilivyo. Bakor aliviunganisha ili kupata kitu ambacho hakikuwapo, ila katika tamaa ya mteja. Picha zake zimekwisha kuonyeshwa hata Ulaya, na sidhani kwamba watazamaji wa huko walizipenda kwa ajili ya ufundi tu.

Huenda ukauliza: je, mwanahistoria afanye nini na picha ya uongo? Asiitupe. Aulize imepigwa mwaka gani, kwa ajili ya nani, na kwa nini mteja alitaka kuonekana hivyo. Ua lile ni la karatasi, lakini namna ya kusuka nywele ni ya kweli, na kanga ni ya kweli, na saa iliyovaliwa ili ionekane ni ya kweli. Kwa bahati mbaya filamu haipendi pwani. Joto na unyevu huiotesha ukungu, na hewa ya chumvi hula hata vyuma vya kamera, basi kila masika yakipita, huenda sura kadhaa za watu wa Lamu zimefutika ndani ya masanduku yao.