Daftari la Ziwa Suwa

Katika milima ya Nagano, nchini Japani, liko ziwa Suwa, mita 759 juu ya usawa wa bahari. Baridi ikiwa kali, ziwa huganda. Usiku barafu hunywea na kupasuka. Maji hupanda katika ufa nayo yakaganda. Mchana barafu hutanuka, ikasukumana hata ikainuka kama tuta refu, kwa mshindo mkubwa. Wenyeji huliita Omiwatari, njia ya mungu wa hekalu la kusini avukapo kwenda kumwona mkewe kaskazini.

Habari za barafu hiyo zimeandikwa tangu mwaka 1443, kizazi kwa kizazi. Siku hizi kazi hiyo iko mikononi mwa makuhani wa hekalu la Yatsurugi. Katika miaka 250 ya kwanza ziwa lilikosa kuganda mara tatu tu. Tuta lilionekana mwaka 2018. Kisha, kuanzia 2019 hadi 2025, halikutokea hata mara moja. Makuhani waliandika hivyo hivyo.

Nimekagua madaftari ya mahudhurio miaka mingi chuoni. Daftari la kweli humwandika aliyekuja na asiyekuja kwa kalamu ile ile. Lau makuhani wangeona haya kuandika kwamba mungu hakuvuka, wataalamu wangekosa ushahidi adimu wa jinsi dunia inavyozidi joto.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Barafu ya Suwa inapotea, ndugu msomaji, lakini haipotei bila habari.