Nyumba, Kibanda na Mtaa katika Sheria za Mji wa Dar es Salaam

Katika sheria za ujenzi wa miji, kifungu ambacho aghalabu wasomaji hukiruka ni kile kinachoeleza maana ya maneno: nyumba ni nini, kibanda ni nini, barabara ni nini. Haja ya makala hii ni kuonyesha, kwa mfano wa Dar es Salaam, ya kwamba maana za maneno kama hayo ziliweza kuamua nani akae wapi.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Mwaka huo huo walitoa kanuni ya ujenzi iliyougawa mji kwa namna za majengo. Upande mmoja yaliruhusiwa majengo ya namna ya Kizungu tu. Nyumba za kienyeji zilitengewa upande wake. Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 waliendeleza mgawanyo huo, wakaufanya kuwa wa maeneo matatu. Wakazi nao waliyapa maeneo hayo majina yaliyosema kweli kuliko sheria yenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Yafaa tuangalie jambo moja. Sheria ilitaja kuta na paa. Haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Hatuna budi kukiri ya kwamba hoja ya afya na ya moto haikuwa ya bure, kwani makuti hushika moto upesi. Lakini katika mji ambao ujira ulifuata rangi, aliyeweza kujenga kwa mawe na aliyejenga kwa miti, fito na udongo walikuwa wamekwisha kutengwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Tena, nyumba ya Kiswahili ilikuwa na mpango wake kamili: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa humo, akapangisha vyumba vilivyobaki, akapata riziki. Watawala waliotazama udongo na makuti peke yake waliona kibanda. Hawakuona nyumba wala kitega uchumi.

Njia nazo zilipata hukumu yake. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilipimwa kwa njia zilizonyooka na kukatana, na viwanja vikapangwa kwa safu. Kati yake na mji wa biashara uliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, ili maeneo yasigusane. Kwa mpima ardhi, njia ni nafasi ya upana fulani baina ya safu mbili za viwanja. Kwa Mswahili, mtaa ni njia na ni watu pia: majirani, baraza, msiba na harusi. Maana hii ya pili haikufutika. Leo katika miji ya Tanzania mtaa ni ngazi ya utawala iliyo karibu kabisa na mwananchi, nao una mwenyekiti wake.

Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 iliendelea kutumika miaka mingi baada ya uhuru, hata ikaondolewa na sheria ya mwaka 2007. Kisha mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Basi kazi iliyofanywa zamani kwa lugha za wageni imetufikia sisi. Atakayeandika “kibanda” mahali pa “nyumba,” au “barabara” mahali pa “mtaa,” hatakuwa amechagua neno tu. Huenda amechagua ukuta upi usimame na upi ubomolewe. Kwa hiyo yatupasa sisi wenye lugha tukisome kifungu kile cha maana ya maneno kabla ya vingine vyote, na kabla mwenye nyumba hajasomewa.