Mita 60 zilitoka wapi? Sheria ya mazingira na shamba lako

Kila kiangazi, bustani za mboga zinaposhuka bondeni kufuata unyevu, swali huwa moja: "Bwana shamba, hizi mita 60 alizipima nani?" Linaulizwa kwa hasira kidogo, maana mtu anaona shamba alilorithi kwa babu yake limegeuka kosa. Leo najibu kwa kirefu. Ukijua sheria hii ilikotoka, utaona mahali inapokubana na mahali inapokulinda.

Tuanze na Wajerumani. Mwaka 1898 walitenga mikoko ya delta ya Rufiji kuwa hifadhi, na mwaka 1904 wakatoa amri ya kulinda misitu ya koloni zima. Msidhani waliwaonea huruma ndege. Boriti, mbao na magome ya mikoko vilikuwa mali, na serikali ilitaka mali hiyo ipite mkononi mwake. Waingereza walipokuja wakatunga sheria yao ya misitu mwaka 1921 kwa mtazamo uleule. Kwa mwanakijiji maana yake ilikuwa fupi: pale alipozoea kukata kuni na kuchimba dawa, sasa kuna mlinzi na faini, na hakuna aliyemwuliza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hofu ikahamia kwenye udongo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hilo tusilifiche. Lushoto ulianzishwa mradi wa bonde la Mlalo mwaka 1946, na miaka michache baadaye ukaja mradi wa milima ya Uluguru. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Waluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Asiyechimba alishtakiwa. Kwenye karatasi matuta ya ngazi ni kitu kizuri, nami nimeyafundisha. Lakini sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi bila uangalifu, unaufukia huo mzuri na kuleta juu udongo mfu. Watu walitoa jasho, kisha wakavuna kidogo kuliko mwanzo. Mwezi Julai 1955, huko Matombo, hasira zililipuka, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mradi ukaachwa, na chama cha TANU kikapata wafuasi wengi milimani.

Linganisha na Wamatengo wa Mbinga. Wao walikuwa na ngoro zao, yale mashimo yaliyopangwa kwenye mteremko kama sega la nyuki, kabla ya mkoloni yeyote kufika. Nyasi hulazwa, udongo hufunikwa juu yake, maji ya mvua hutulia shimoni. Hawakuhitaji amri wala faini. Kwa hiyo mtu akikuambia mkulima hajali udongo wake, mpeleke Mbinga.

Baada ya Uhuru, serikali yetu yenyewe haikuacha njia ya amri mara moja. Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yamekula ardhi, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Majani yalirudi, miti ikarudi, na kila mtaalamu anayepita pale husifu. Sawa. Lakini mfugaji ndiye aliyelipa gharama, akabaki bila maziwa na bila samadi, na ilichukua miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kufuga ng'ombe wachache zizini.

Shinyanga walikwenda kwa njia nyingine. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho wakati wa masika ili kiangazi ng'ombe wapate nyasi. Ngitili zilikuwa zimebaki hekta mia chache tu. Miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka laki moja. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko hotuba yoyote.

Upande wa sheria zenyewe, mwaka 1983 Bunge liliunda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Kwa miaka mingi lilikuwa baraza la kushauri. Meno halikuwa nayo. Aliyeonyesha meno yako wapi ni mwananchi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki jiji kwa kumwaga na kuchoma taka karibu na nyumba zao. Mahakama Kuu iliamuru taka zisimwagwe tena pale. Jiji likawa linaomba muda, linaongezewa, linaomba tena, mpaka mwaka 1991 jaji akakataa: kuwavutisha watu moshi wenye sumu ni kuingilia haki yao ya kuishi iliyomo katika Katiba.

Wazo hilo ndilo lililoingia katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 kinasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Kumbuka mtu wa Uluguru mwaka 1955: sheria ilimjua kama mkosaji tu. Leo kiwanda kikimwaga maji machafu kwenye mto unaonyweshea mbuzi wako, wewe ndiye mlalamikaji.

Sasa mita 60. Ziko kifungu cha 57, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inazitaja. Kinachokatazwa ni shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Sababu yake ipo shambani: ukanda wa nyasi na miti hushika kingo, huchuja udongo na dawa za kuulia wadudu, na hufanya maji yashuke polepole. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, maji yakitumika zaidi huko juu. Mwenye vinyungu Iringa ana haja ya kula, sikatai. Ila mwenye shamba chini ya mto naye ana watoto.

Wenye maduka na magenge, mifuko ya plastiki ya kubebea iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ilikatazwa kwa kanuni za sheria hiyohiyo ya 2004. Kanuni zile ziliweka faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 kwa anayekutwa nao, na kubwa zaidi kwa muuzaji. Anayekuuzia kwa siri anakuachia wewe hatari yote.

Kijiji chenu kinatakiwa kuwa na kamati ya mazingira. Kama ipo kwa jina tu, ulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hapo ndipo sheria ndogo huzungumzwa, halmashauri ya kijiji ikaipitisha, kisha ikapelekwa wilayani kuidhinishwa. Mnaweza kuandika ngitili yenu humo, au njia ya mifugo kwenda majini, au chanzo cha maji mnachotaka kilindwe. Na kabla ya kupanda chochote karibu na mto, nendeni na kamba mpime kutoka ukingoni. Mkibishana, bodi ya maji ya bonde lenu ndiyo ya kuulizwa, na ombeni jibu kwa maandishi.