Susu Wako, Homa ya 1918 na Sindano Isiyoongelewa

Leo tuongee kuhusu homa. Si ile ya kunywa maji ya ndimu na kulala mapema. Naongelea ile inayoweza kummaliza susu wako kule Mwingi au Wote ndani ya wiki moja, na vile historia ya Ukambani inatuonyesha kwamba tumeichukulia poa sana.

Turudi 1918. Vita Vikuu vya Kwanza vinaelekea kuisha. Makumi ya maelfu ya vijana kutoka Kenya, Wakamba wengi wakiwemo, walikuwa wamepelekwa kubebea jeshi la Mwingereza mizigo upande wa Tanganyika. Hao ndio Carrier Corps, na jina hilo ndilo lilizaa Kariokor ya Nairobi. Septemba mwaka huo homa mpya ikashuka Mombasa kwa meli, kisha ikapanda na reli. Angalia stesheni zake: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Hiyo ni Makueni ya leo. Kitui haikuwa na reli, lakini ilikuwa na watu wanaorudi nyumbani kwa miguu.

Na mvua ilikuwa imekosa. Wakamba huipa kila njaa kubwa jina lake. Ile ya mwisho wa miaka ya 1890 iliitwa Ngomanisye, na ilikuja pamoja na ndui. Kwa hivyo 1918 wazee walikuwa tayari wanajua kwamba njaa na ugonjwa hutembea pamoja. Makadirio ya wanahistoria yanasema Kenya nzima ilipoteza watu karibu 150,000 kwa ile homa.

Sasa shika hapa. Kawaida homa huua watoto wachanga na wazee. Ile ya 1918 iliua sana watu wa miaka 20 hadi 40. Ulaya na Marekani, ambako vifo vilihesabiwa vizuri, wazee wengi walinusurika kuliko ilivyotarajiwa. Kwa nini? Wataalamu wengi wanaamini wazee hao walikuwa wamepatana na kirusi cha kufanana nacho wakiwa wadogo, na miili yao ilikuwa haijasahau.

Jambo hilo lilijirudia 2009. Homa ya nguruwe ilipofika Kenya mwezi wa Juni na mwanafunzi kutoka Uingereza, kirusi chake kilikuwa ndugu wa kile cha 1918. Vizazi vya kile kirusi cha 1918 vilizunguka duniani hadi 1957. Watu waliokuwa watoto kabla ya mwaka huo mara nyingi walikuwa bado na kingamwili zake. Yaani susu aliyezaliwa 1940 huenda alikuwa na kinga ambayo wewe na mimi hatukuwa nayo.

Kwa hivyo mwili wa mzee si mwili mjinga. Uko kama mzee wa baraza: anakumbuka kila njaa kwa jina, lakini umpe simu mpya umwone akihangaika. Kuna tezi nyuma ya mfupa wa kifua inaitwa thaimasi. Ndiyo shule ya seli za kinga. Inaanza kusinyaa mapema, na ukifika miaka 70 imebaki kidogo sana. Seli za zamani zipo, zenye kumbukumbu, lakini seli mpya za kujifunza adui mgeni ni chache. Na homa hubadilisha sura kila mwaka. Ndiyo maana mzee akidungwa chanjo ya kawaida ya homa, mwili wake hutoa kingamwili chache kuliko wa kijana, na zinaisha nguvu haraka.

Na chanjo yenyewe haikuanza na wazee. Kirusi cha homa cha binadamu kilipatikana London mwaka wa 1933. Thomas Francis na Jonas Salk wakatengeneza chanjo kwa ajili ya jeshi la Marekani, ikaruhusiwa kwa raia 1945. Ilijaribiwa kwa wanajeshi, vijana wenye nguvu. Mwaka wa 1960 Marekani ikaanza kuipendekeza kwa wazee, dozi ikiwa ya mtu mzima yeyote. Ilichukua miongo mingi watu kukubali kwamba mwili wa mzee unahitaji chanjo yake. Italia ilianza kutumia yenye kichocheo cha kinga 1997. Marekani ikaidhinisha yenye nguvu mara nne 2009, na utafiti wa 2014 kwa wazee karibu 32,000 ukaonyesha inapunguza homa kwa takriban asilimia 24 zaidi ya ile ya kawaida.

Na huku kwetu? Mwaka wa 2016 kamati inayoshauri serikali kuhusu chanjo ilipendekeza ya homa kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Susu hajatajwa. Anayetaka chanjo mara nyingi anajilipia hospitali ya kibinafsi mjini, na susu wa Mutomo hana hiyo nauli wala hiyo pesa.

Usiniambie haiwezekani. Mwaka wa 2021 chanjo ya Covid ilipokuja, wenye miaka 58 kwenda juu waliwekwa mbele ya foleni. Makueni nayo ilianzisha MakueniCare, shilingi 500 kwa familia kwa mwaka, na wazee wa zaidi ya miaka 65 wakatibiwa bure. Kaunti iliyoweza kulipia kitanda cha mzee mwenye nimonia inaweza kufikiria sindano ya kumzuia asifike kwa hicho kitanda.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mwakilishi wadi wako akija kuomba kura, muulize kuhusu chanjo ya homa ya wazee. Pili, kwa sababu kinga ya mzee ni dhaifu hata akidungwa, ngao yake ya pili ni sisi. Mwaka wa 1918 homa ilipanda treni. Desemba hii itapanda basi la kwenda ocha, kwenye kiti chako. Ukiwa unakohoa, ahirisha safari siku chache, au vaa barakoa na ukae naye nje chini ya mwembe. Susu atalalamika kwamba umekuwa wa mjini. Heri alalamike.