Barakoa na Fumbo: Sitara na Ufichuzi katika Taarab ya Siti binti Saad, Unguja

Katika Unguja ya karne ya 19, barakoa ilikuwa vazi la hadhi. Emily Ruete, aliyezaliwa Salme binti Said, aliieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kuwa sehemu ya mavazi ya wanawake wa nyumba ya kifalme. Uso wa mjakazi, kinyume chake, ulibaki wazi. Barakoa ilificha sura lakini ilidhihirisha cheo.

Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria. Katika miongo iliyofuata, wanawake wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililovukwa kwa daraja ambalo ndilo asili ya jina la Darajani, walianza kuvaa buibui. Sitara iliyokuwa ya wachache ikawa ya wengi.

Maisha ya Siti binti Saad yamo ndani ya mabadiliko hayo. Alizaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata kwa uimbaji wake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili za kampuni ya His Master's Voice.

Taarab nayo ina barakoa yake, yaani fumbo. Mtungaji hutaja ua, ndege au chombo. Msikilizaji humtambua mlengwa, lakini mtungaji hubaki na nafasi ya kukana. Kwa asiye na cheo, nafasi hiyo ni kinga.

Wimbo wa "Kijiti" hautumii kinga hiyo. Unamtaja mtuhumiwa kwa jina na kusimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, kutoroka kwa muuaji kwenda bara, na kuadhibiwa kwa wanawake waliotoa ushahidi. Mahakama ya kikoloni ilipowageuza mashahidi kuwa wakosefu, wimbo ukawa baraza la pili la hukumu.

Kwa hiyo, kuitazama taarab kama sanaa ya mafumbo pekee hakutoshi. Fumbo lilihifadhi ujirani; pale haki ilipokosekana, lilivuliwa. Historia ya wanawake wa Ng'ambo inahitaji kusomwa katika matendo yote mawili: kujisitiri, ambako zamani walinyimwa, na kufichua, ambako hakuna amri iliyowapa.