Bisi: Kutoka Sufuriani hadi Maikrowevu

Mwanafunzi wetu mmoja kutoka Nakivale aliwahi kuandika katika insha yake "mahindi ya kupasuka". Tukapiga mstari mwekundu, tukaandika pembeni: bisi. Leo tunajiuliza kama tulitenda haki.

Asili ya mahindi ni Amerika, na Wareno ndio wanaotajwa sana kuyaleta pwani yetu. Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi na wengineo. Huko bisi hupikwa kwa sufuria yenye kifuniko, mafuta kidogo na makaa. Katika baadhi ya nyumba za Mbarara mjini, punje hutiwa katika mfuko wa karatasi na kuwekwa ndani ya maikrowevu.

Maikrowevu nayo ina historia yake. Mwaka 1945 Percy Spencer, wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, aligundua kuwa chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake karibu na mtambo wa rada. Akajaribu punje za mahindi, zikaruka. Hataza yake ya bisi ilitolewa mwaka 1949.

Iwe kwa makaa, iwe kwa mawimbi, kinachopasua punje ni kile kile: maji yaliyomo hugeuka mvuke, nao husukuma ganda hadi likapasuka. Mwanafunzi yule alilitaja tendo lenyewe. Neno sanifu tulifundishe, lakini maelezo yake tusiyafute. Kiswahili cha Nakivale nacho ni Kiswahili.